Mahali Iliposimama Kamera

Msomaji, yamkini umesikia mara nyingi watu wakisema kwamba kamera haisemi uongo. Neno hili husemwa kwa nguvu hasa inapotajwa filamu ya hali halisi, yaani sinema isiyoigizwa, ambayo watu wake ni watu kweli, mahali pake ni mahali kweli, na machozi yake hayakutiwa kwa maji ya bomba. Walakini siku mbili tatu zikipita, neno hilo hilo hupinduliwa miguu juu. Filamu ikimgusa mkubwa, au ikiligusa kundi lenye sauti, husikii ila kilio kimoja: filamu hii ina upendeleo. Nataka tuyapime maneno hayo mawili, kwa maana yote mawili yametumiwa katika nchi zetu kuwanyamazisha watu, na kilio hiki cha pili kimepata kufuatana na kukamatwa kwa watu usiku.

Tuanze karibu na nyumbani. Tuseme watu wawili wamepewa kamera na kutumwa Likoni kupiga picha za feri. Wa kwanza afika Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Asimama juu ya mteremko, akaielekeza kamera chini kwenye vichwa vya watu. Katika filamu yake utaona bahari ya watu kabla hujaiona bahari ya maji: wafanyakazi, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni, wasukuma mikokoteni waliolowa jasho, na feri moja tu ikija polepole kutoka ng'ambo. Wa pili afika Jumapili, saa nane mchana. Aingia ndani ya feri, asimama ukingoni, akapiga picha za upepo upeperushao mabuibui, za mtoto aonyeshaye meli kwa kidole, na za abiria wa miguu washukao bila ya kutoa hata senti moja. Hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Lakini mtu atakaye daraja lijengwe ataichukua filamu ya kwanza, na mtu asifuye feri ataichukua ya pili. Na wewe uliye Kisumu au Dodoma, usiyepata kamwe kuvuka hapo, utaamini ile uliyoonyeshwa.

Kwa hiyo kila filamu ina mahali iliposimama kamera yake. Kusema kwamba filamu fulani ina upendeleo ni karibu sawa na kusema kwamba mtu fulani ana kivuli. La kuuliza ni jingine: je, kilichoonyeshwa chaweza kulibeba lile linalodaiwa? Mtengenezaji wa filamu hupiga picha za saa nyingi, kisha hukaa akakata na kuunga. Fundi wa nguo ajua kwamba kitambaa chaweza kuwa kizuri mno na mshono ukawa mbovu. Kazi ya mhakiki wa filamu ni kuushika mshono, auvute, aone kama utakaza au utafumuka.

Mambo haya si ya jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika, na filamu hizo zikatembezwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na mbali zaidi. Mojawapo ilisifu benki ya akiba ya posta: mtu aliyezika fedha zake ardhini aliibiwa, na mtu aliyeziweka posta akaneemeka. Sikatai kwamba benki ni salama kuliko shimo. Lakini mradi wa namna ile haukuundwa ili kuuliza kodi ya kichwa ilikwenda wapi, na watazamaji waliokaa nyasini mbele ya lori hawakuwa na gazeti la kuandikia kwamba wameonyeshwa upande mmoja. Shutuma ya upendeleo, msomaji, ni mali ya mtu mwenye mahali pa kusemea.

Sasa tuingie katika filamu iliyozusha ubishi mkubwa kupita nyingine nizijuazo katika Afrika ya Mashariki. Jina lake ni Darwin's Nightmare, nasi twaweza kuiita Jinamizi la Darwin. Aliyeitengeneza ni Hubert Sauper, mtu wa Austria akaaye Ufaransa, na ilitoka mwaka 2004. Mahali pake ni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Habari yake ni ya samaki aitwaye sangara, ambaye katika Kenya twamwita pia mbuta. Samaki huyu hakuwa wa ziwa lile. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ni samaki mkubwa, aweza kufika urefu wa mita mbili, naye alikula na kumaliza aina nyingi mno za samaki wadogo waitwao furu. Baadaye viwanda vilijengwa, minofu ya sangara ikakatwa, ikagandishwa, ikapakiwa katika ndege kubwa za mizigo na kupelekwa Ulaya.

Sauper hakutia sauti ya msimulizi. Ameweka maandishi machache tu, na mengine yote amewaachia watu waseme wenyewe. Twaona mwongoza ndege katika mnara wa uwanja akihangaika na mdudu dirishani. Twaona watoto wa mitaani wakiyeyusha vifungashio vya samaki ili wavute moshi wake wapate usingizi. Twaona mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, akieleza bila ya kupandisha sauti kwamba vita ingekuwa kheri, maana jeshi hulipa vizuri. Twaona mwanamke kijana akiimba wimbo wa kuisifu nchi yake mbele ya marubani wageni. Na kabla filamu haijakwisha twaambiwa kwamba ameuawa na mteja.

Lakini sehemu iliyo bora, na iliyochukiwa kuliko zote, ni ile ya mapanki. Minofu ikisha kwenda Ulaya, hubaki vichwa na mifupa. Lori hulibeba rundo hilo na kulimwaga nje ya mji. Watu hutundika mifupa hiyo juu ya vichanja vya miti ikauke kwa jua, funza wakitambaa chini ya miguu, kisha hukaangwa na kuuzwa kuwa chakula. Mama mmoja aliyepoteza jicho asimulia kazi yake hapo katikati ya moshi. Msomaji wa Kisumu hatahitaji kufasiriwa jambo hili, kwa maana kwao mabaki hayo yana jina lake, mgongo wazi, na watu huyala. Sauper ameiacha kamera itulie mahali hapo muda mrefu kuliko tunavyopenda. Hakuongeza neno. Mshono wa sehemu hii nimeuvuta mara nyingi, nao wakaza: minofu imekwenda huku, mifupa imebaki huku, na aliyebaki na mifupa yuko mbele yako akisema kwa kinywa chake.

Mshono wa pili ni tofauti. Tangu mwanzo hadi mwisho filamu yauliza swali moja: ndege zile zinazoondoka na samaki, huja na nini? Wanaanga, ambao ni watu wa Urusi na Ukraine, hujibu kwamba huja tupu. Mwandishi wa habari wa Mwanza, Richard Mgamba, aeleza juu ya biashara ya silaha. Mwishowe mmoja wa wanaanga asema kwa huzuni kwamba alipata kupeleka vifaa vya vita Angola na kurudi na zabibu kwa ajili ya watoto wa Ulaya. Ni maneno ya kutisha, na mtu aliyeyasema hakuwa na sababu ya kujisingizia. Lakini Angola si Mwanza. Hatukuonyeshwa hata sanduku moja likifunguliwa katika uwanja wa Mwanza. Picha ya ndege imewekwa ubavuni mwa picha ya samaki, neno la Angola likawekwa ubavuni mwa hizo mbili, na mtazamaji akaachwa aunge mwenyewe. Wengi walitoka katika majumba ya sinema wakiamini kwamba wameona bunduki. Hawakuiona. Hapo ndipo nisemapo kwamba Sauper aliuamini ustadi wake wa kuunga kuliko ushahidi wake.

Liko na jambo la tatu, nalo ni yale yaliyoachwa nje. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na watu wake hawaishi kwa sangara peke yake. Dagaa na sato huvuliwa, huuzwa na kuliwa na wenyeji kila siku. Viwanda vile viliajiri watu, na mshahara mdogo ni mshahara kwa mtu aliyekuwa hana. Filamu yenye dakika 107 haiwezi kubeba ziwa zima, nami simdai Sauper ziwa zima. Lakini jina alilolichagua, kwamba huku ndiko wenye nguvu wawalako wanyonge, lilimfunga. Kila kisicholingana na mfano huo kilikosa nafasi, hata mji wa Mwanza, wenye masoko na skuli na vicheko vyake, ukawa kama kichinjio kimoja kirefu.

Filamu hiyo ilipata tuzo nyingi. Mwaka 2006 ilipewa nchini Ufaransa tuzo ya César ya filamu ya kwanza, na mwaka huo huo ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar huko Marekani. Ndipo kelele zilipoanza. Mwanahistoria Mfaransa, François Garçon, aliandika makala na kisha kitabu kizima kuipinga. Katika Tanzania, Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, akisema imeichafua nchi na kuidhuru biashara ya samaki. Watu waliandamana Mwanza kuipinga, na Mgamba akapata misukosuko kwa sababu ya kuonekana ndani yake.

Zingatia, msomaji, jinsi ubishi huo ulivyokwenda. Juu ya silaha, wapinzani walikuwa na hoja: ushahidi uko wapi? Lau wangesimama hapo wangeshinda. Lakini Garçon aliendelea akadai kwamba watoto walilipwa ili waigize. Sauper akamshitaki kwa kumvunjia heshima, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper haki. Basi mtu aliyemlaumu mwenziwe kwa kudai bila ya kuthibitisha akakutwa na kosa lile lile. Na upande wa Serikali, mazungumzo yaliwekwa juu ya sifa ya taifa. Sifa ya taifa ni kitu cha thamani, wala siidharau, lakini haikuwa jibu. Kama mapanki huliwa, huliwa hata filamu isipotengenezwa. Rais angeweza kupeleka waandishi kwenye vichanja vile wakahesabu lori, wakawauliza wanunuzi, wakapima hewa iliyolichoma jicho la mama yule. Hoja ya bunduki, ambayo Serikali iliweza kuishinda, ilichanganywa na hoja ya mifupa, ambayo isingeweza kuishinda, na mtazamaji wa mbali akazikubali zote mbili kwa pamoja.

Katika Kenya tumeyaona ya kwetu. Tarehe 21 Septemba 2013 duka kubwa la Westgate, Nairobi, lilishambuliwa, na watu 67 wakauawa. Mwezi uliofuata, Mohammed Ali na John Allan Namu walionyesha katika televisheni ya KTN kipindi kilichoitwa Wolves at Westgate. Ndani yake zilikuwamo picha zilizopigwa na kamera za duka lenyewe, zikionyesha askari wakitoka wamebeba mifuko. Mkuu wa Polisi wa wakati ule, David Kimaiyo, alitangaza kwamba waandishi hao watakamatwa kwa uchochezi. Kabla mwezi haujakwisha, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Julius Karangi, alisema kwamba askari wawili wamefukuzwa kazi na kufungwa kwa wizi huo. Kamera ile haikuwa ya KTN, wala haikusimamishwa na mwandishi. Ilikuwa ukutani, ikimtazama kila aingiaye bila ya kumjua. Hapo shutuma ya upendeleo haikuwa na mahali pa kushika.

Ni lazima niongeze neno kwa sababu tuko huku bara, upande wa Kisauni. Mohammed Ali huyo, aliyejulikana kwa kipindi chake cha Jicho Pevu, alichaguliwa mwaka 2017 kuwa Mbunge wa Nyali, na akachaguliwa tena mwaka 2022. Katika vibaraza vyetu husemwa: aa, kumbe zile filamu zilikuwa kampeni! Maneno haya ni mepesi kupita kiasi. Mtu aweza kutaka kura na picha yake ikawa kweli. Mwingine aweza kutotaka lolote na picha yake ikapotosha. Ni halali kabisa kuzitazama upya filamu zake kwa jicho kali zaidi, tukijua alikofika. Lakini ukizitazama upya, vuta mshono. Usimtazame mshonaji tu.

Sasa nifike kwenye filamu iliyowagusa vijana wa umri wako kuliko nyingine. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika Bunge la Nairobi. Sehemu ya jengo ilitiwa moto, na watu wakapigwa risasi wakafa. Tarehe 28 Aprili 2025 BBC ilitoa filamu iitwayo Blood Parliament. Watengenezaji walisema wamechambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa kwa simu za watu waliokuwapo, nao wakazipanga kwa dakika na nukta mpaka wakamwonyesha polisi mmoja asiye na sare, na askari mmoja wa jeshi, ambao filamu yadai walifyatua risasi zilizoua.

Wabunge kadha wa kadha walisema filamu ile ina upendeleo, wengine wakataka BBC ifungiwe kazi nchini. Onyesho lililopangwa katika jumba la sinema la Unseen, Nairobi, halikufanyika. BBC ilisema lilizuiwa na mashinikizo. Usiku wa tarehe 2 Mei watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vyombo vyao vikachukuliwa, kisha wakaachiliwa. BBC ilisema watu hao hawakuhusika hata kidogo na filamu hiyo.

Je, filamu hiyo yaegemea upande? Ndiyo, yaegemea, na mwenye macho huliona jambo hilo mapema. Muziki wake huwalilia vijana. Kamera hukaa karibu na nyuso za wafiwa, na haikai karibu namna ile na uso wa polisi yeyote. Mtu akisema kwamba hofu ya walinzi wa Bunge haikupewa uzito uliostahili, sitambishia. Kwa uzuri wa sanaa naiweka chini ya filamu ya Mwanza. Hapana humo picha hata moja itakayodumu akilini kama vile vichanja vya mapanki. Lakini dai lake kubwa halikutegemea muziki. Lilitegemea picha zinazohesabika: huyu hapa, saa hii, mkono huu, sauti hii. Dai la namna hiyo lina adabu moja kubwa, kwamba limekuonyesha mahali pa kulivunjia. Serikali iliyoweka kamera za usalama katika barabara za Nairobi na Mombasa haikosi picha zake. Mwenye kudai kwamba mtu yule siye, au dakika ile siyo, alikuwa na njia ya kuonyesha. Njia hiyo haipiti katika jumba la sinema lililofungwa, wala katika chumba cha polisi.

Limo neno moja katika filamu hiyo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kulichunguza kuliko BBC. Kabla ya risasi kupigwa yasikika sauti ikisema, "uaua!" Katika Kiingereza imefasiriwa kwa neno moja fupi la kuamuru kuua. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini haikulijaza neno. Kitenzi chetu kikikaririwa hivi, tendo huongezeka: kata si sawa na katakata, piga si sawa na pigapiga. Aliyesema ua aweza kuwa amemkusudia mtu mmoja. Aliyesema uaua hakusema hivyo. Hapa, ajabu, tafsiri ya wale walioshutumiwa kwa upendeleo imelipunguza ukali neno la asili.

Niliwapa kazi hiyo wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, wengi wao wakiwa wenyeji wa Changamwe na Miritini. Walikizunguka kioo cha simu moja kilichopasuka pembeni. Baadhi walisema wamesikia uaua waziwazi. Msichana mmoja akashikilia kwamba yeye asikia sauti lakini haoni mdomo, na kwamba katika kishindo kile hawezi kuapa ni nani aliyesema. Wenziwe wakamwambia anawatetea polisi. Akawajibu kwamba hamtetei mtu, ataka aonyeshwe mdomo. Tukairudisha filamu nyuma, tukasikiliza tena, wao wakitazama mdomo na mimi nikitazama saa iliyoandikwa pembeni mwa picha.